Nairobi–Arusha–Mwanza kwa gari letu: ndugu na wanyama kwa safari moja, tupite wapi?

Baba_Tatu

Habari zenu wakuu. Agosti shule zikifungwa tunavuka Namanga kwa gari letu wenyewe, Prado ya dizeli yenye namba za Kenya. Sisi ni watu wazima wawili na watoto watatu: miaka 4, 9 na 16. Sote raia wa Kenya. Mjomba yuko Arusha, shangazi yuko Mwanza, na katikati kuna Serengeti, kwa hiyo mpango umejichora wenyewe:

Siku mbili kwa mjomba. Siku ya tatu tunaaga asubuhi, tunapitia Ngorongoro na kushuka kreta, tunalala Seronera katikati ya Serengeti, kesho yake tunatokea geti la Ndabaka la magharibi na kufika Mwanza jioni. Siku tatu kwa shangazi, halafu mpaka wa Sirari, Migori, nyumbani.

Naomba kujua: je, ratiba hii inawezekana? Mpakani wanataka makaratasi gani ya gari na ya watoto? Nyumbu tutawakuta? Na kuna mtu anasisitiza kwamba tunaweza kurudi kwa kukatiza Serengeti moja kwa moja hadi Maasai Mara. Ni kweli?

---

Kijenge_Juu

Karibu sana mkuu. Nianze na la mwisho kwa sababu ni jepesi: hapana. Njia ya kati ya Serengeti na Mara kupitia Bologonja na Sand River imefungwa kwa wasafiri tangu 1977, na ukienda mpaka pale utarudishwa ulikotoka. Wanaovuka pale kila mwaka ni nyumbu.

Sasa ratiba. Njia uliyoichora ipo na inapitika. Kitakachokubana ni saa, na bili itafuata saa hizo.

Kibali cha kuingia hifadhini ni cha saa 24 kuanzia dakika unayopigiwa geti. Kutoka geti la Lodoare hadi Naabi uko ndani ya Ngorongoro, ambayo ina mamlaka yake, NCAA. Ukifika Naabi unaingia Serengeti, ambayo iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kwa hiyo siku hiyohiyo unalipa mara mbili, watu na gari, hata kama Ngorongoro unapita tu bila kusimama. Kushuka kreta ni malipo ya tatu, tena hayo yanatozwa kwa gari wala si kwa kichwa, na kwa gari la nje ni dola mamia. Ukichelewa kutoka Ndabaka hata saa moja baada ya zile 24 kwisha, unalipa siku nyingine.

Watu si tatizo. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanalipa kwa shilingi, kiwango cha chini kabisa ukilinganisha na wageni wa mbali. Mtoto wako wa miaka 4 ni bure, wa 9 analipa kiwango cha watoto (5 hadi 15), wa 16 anahesabiwa mtu mzima. Ila kila mmoja awe na kitambulisho mkononi pale dirishani, pasipoti au kingine kinachoonyesha uraia. Asiye na uthibitisho anaandikiwa bei ya mgeni, na karani wa getini hana madaraka ya kukuonea huruma.

Mzigo ni Prado. Gari la namba za kigeni linalipiwa kwa dola kulingana na uzito wake likiwa tupu, na mstari mkubwa uko kwenye kilo 2,000. Fungua logbook yako uangalie uzito ulioandikwa. Prado nyingi za dizeli zinavuka mstari huo, na ukishauvuka ada inaruka mara kadhaa. Gari la namba za Tanzania linalipiwa kwa shilingi, kiasi ambacho huwezi kukilinganisha.

Halafu kuna mjomba. Hakuna mjomba wa Arusha atakayekuachia uondoke saa 11 alfajiri bila chai, na chai ya kuaga huwa na chapati, supu, na jirani aliyekuja kuwasalimia watoto. Hesabu kuondoka saa 3. Kisongo, Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, zote ni 50 kwa saa. Utafika Lodoare kwenye saa 6 mchana. Kreta inataka nusu siku nzima, na mageti yanafungwa saa 12 jioni. Kwa hiyo kreta na Seronera siku moja ukitokea nyumbani kwa mtu, sahau. Anayetaka kufanya hivyo anaaga jana yake, analala Karatu, na saa 12 asubuhi yuko getini.

Ushauri wangu: msipitishe Prado hifadhini hata kidogo. Mkiwa Arusha, chukueni gari la mjomba au mkodi la namba za T (za Tanzania), mwende Tarangire asubuhi na kurudi jioni. Agosti ni kiangazi, maji yamebaki mtoni, na tembo wanashuka kwenye Mto Tarangire makundi kwa makundi. Kwa mwezi huo mimi naiweka juu ya Seronera bila kusita. Geti liko karibu na Kwa Kuchinja, barabara ya Babati, lami hadi kwenye kona. Kisha Prado iende Mwanza kwa lami: Babati, Singida, Nzega, Shinyanga. Ni zaidi ya kilomita 700, laleni Singida. Serengeti muione mkiwa Mwanza, pamoja na shangazi, kwa kuingilia Ndabaka.

---

Mpakani_Daima

Naongezea makaratasi, maana hapo ndipo watu hupoteza asubuhi nzima.

Namanga ni kituo cha pamoja. Ukitoka Kenya husimami upande wa Kenya. Unapita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Tanzania, na humo ndani maafisa wa nchi zote mbili wamekaa ukumbi mmoja. Dirisha la kwanza ni la kutoka Kenya, kisha afya, kisha uhamiaji wa Tanzania, mwisho forodha kwa ajili ya gari. Ukiruka la kwanza utarudishwa kwenye foleni.

Watu: pasipoti kwa kila mtu, pamoja na huyo wa miaka 4. Msitegemee kitambulisho cha taifa. Mkataba wa kusafiri kwa kitambulisho ni wa Kenya, Uganda na Rwanda. Kama pasipoti hazipo, ombeni hati ya muda ya kusafiria ya Afrika Mashariki mapema. Viza hakuna. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi wa pili.

Homa ya manjano: Kenya ni nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo Tanzania inadai cheti kwa kila mwenye umri wa kuanzia mwaka mmoja. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Kuchoma Jumatatu na kuvuka Jumatano hakusaidii, tarehe imeandikwa pale na wanaisoma. Cheti cha zamani hakijaisha muda: tangu 2016 kinatambulika maisha yote.

Gari: logbook halisi au nakala iliyothibitishwa. Kama gari lina mkopo na logbook iko benki, omba benki barua ya kuruhusu gari kutoka nchini, ikitaja namba ya usajili, namba ya chesi na tarehe. Kama jina kwenye logbook si lako, barua ya idhini iliyogongwa muhuri na wakili. Bima ya Kenya pekee haitoshi. Kata COMESA Yellow Card kwa kampuni yako ya bima kabla ya safari. Na ielewe vizuri: hiyo inalipa madhara uliyomfanyia mtu mwingine na matibabu ya waliomo garini mwako, gari lako hailigusi. Ukigonga punda Shinyanga, bampa ni lako. Bima kubwa iongezewe eneo la Tanzania kwa maandishi, vinginevyo inaishia Namanga.

Forodha watakupa kibali cha muda cha gari. Omba siku nyingi kuliko safari yako, kwa sababu kibali kikiisha ukiwa kwa shangazi faini ni yako. Na kwa kuwa unatokea Sirari na si Namanga, hakikisha Sirari wanakifunga kwenye mfumo. Kisipofungwa, gari linahesabika bado liko Tanzania, na safari ijayo ndipo utajua.

Wanaokugongea dirisha la gari kabla hujazima injini si maafisa. Ukihitaji wakala, tafuta mwenye ofisi yenye mlango.

---

Lamadi_Stendi

Kuhusu nyumbu, Agosti wako kaskazini, Kogatende na Mto Mara, na wengine tayari wameshavuka kwenu. Huku magharibi makundi makubwa hupita kati ya Mei na Julai. Ukiingilia Ndabaka mwezi wa nane ukitegemea bahari ya nyumbu utarudi umenuna. Na kuwafuata Kogatende kutokea Ndabaka kwa siku moja ni ndoto.

Lakini tazama njia yako ya kurudi. Unavuka Sirari, unafika Migori, na kutoka hapo kwenda Kilgoris na Lolgorian hadi geti la Oloololo la Mara si mbali. Mko na gari la namba za Kenya, mnalipa bei ya raia, na Agosti ndio mwezi wenyewe. Kwa nini mlipe dola upande huu kuwatafuta wanyama ambao wamewatangulia nyumbani? Ongezeni usiku mmoja hapo.

Ndabaka muiendee kwa vitu vyake. Geti liko ukingoni mwa lami ya Mwanza–Musoma, jirani na Lamadi, kwa hiyo hakuna kuhangaika kulifikia. Ndani kuna wanyama wakazi mwaka mzima: nyamera, pundamilia, twiga, simba, viboko, na Mto Grumeti wenye mamba ambao ukubwa wao unawafanya watoto wanyamaze. Kwenye miti mirefu ya kando ya mto angalieni juu, kuna mbega weusi na weupe. Watu wengi hupita chini yao wakitafuta chui.

Kilomita 50 hadi 60 kuingia ndani na kurudi zinawatosha kwa siku moja. Msijaribu kufika Seronera na kurudi, ni takriban kilomita 140 kila upande na mwendo wa juu unaoruhusiwa ni 50 kwa saa. Kwa mwendo huo hamtaona mnyama, mtaona vumbi.

Udongo wa huku ni mweusi wa mfinyanzi. Agosti umekauka na ni mgumu, gari la kawaida lililoinuka linapita barabara kuu. Mvua ikinyesha hata ya saa moja, unageuka gundi: tairi linajaa tope hadi mistari yake haionekani, na hata gari la kuvuta magurudumu yote linateleza kwenda lilikotaka lenyewe. Ukiona wingu zito upande wa ziwa, geuzeni mapema.

---

Baba_Tatu

Wakuu, mmenifungua macho. Mjomba ana Noah. Je, inafaa Tarangire? Pia shangazi ameshasema wao ni sita na wote wanakwenda Ndabaka, kwa hiyo jumla tuko kumi na mmoja. Na zawadi: mke wangu anataka kubeba unga, maziwa na miche ya parachichi. Malipo ya hifadhi yanapokelewa kwa pesa taslimu?

---

Kijenge_Juu

Noah kwa Agosti inaingia, barabara kuu za ndani ni changarawe iliyoshikana. Isipelekwe kwenye makorongo ya mchanga wala vijia vya kushuka mtoni. Mchanga wa Tarangire ni laini, gurudumu likizunguka mara tatu chasi inalala chini, na huruhusiwi kushuka garini kusukuma huku tembo wakikutazama. Punguzeni upepo kidogo mkiwa getini, kama ni 32 ishuke 28, na mjaze tena mkirudi Makuyuni. Kagueni spea kabla ya kutoka nyumbani, maana spea ya Noah huwa imesahaulika chini ya gari miaka na upepo wake umekwisha. Jeki iwekewe ubao wa kukalia, bila ubao inazama.

Ndorobo (mbung'o) wapo, hasa kwenye vichaka vya ndani. Nguo za bluu na nyeusi zinawaita. Vaeni rangi ya khaki au kahawia, na dirisha lifungwe mkiona wanaanza kufuata gari.

Malipo: pesa taslimu hawapokei. Getini wanatoa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99, inalipwa kwa kadi, benki au simu ya mtandao wa Tanzania. Hapa ndipo ndugu ana faida: mjomba anailipa kwa simu yake dakika moja, nyie mnamrudishia shilingi. Mkitegemea kadi pekee, bebeni mbili, mtandao wa mashine huko porini una siku zake. Na bei mnazoziona zimeandikwa, ulizeni kama VAT ya asilimia 18 imo ndani.

---

Mpakani_Daima

Watu kumi na mmoja hawaingii gari moja. Chukueni mawili, yote ya namba za T, Prado ibaki kwa shangazi. Wale sita waje na vitambulisho vyao vya taifa (NIDA), watoto na vyeti vya kuzaliwa. Jambo moja la kuepuka: kukodi Nairobi basi dogo la watalii mkaingia nalo. Magari ya utalii ya Kenya hayaruhusiwi kufanya kazi ndani ya hifadhi za Tanzania, yanaishia kwenye vituo vilivyotajwa. Gari binafsi halina shida hiyo.

Zawadi: miche iacheni. Mmea hai unataka cheti cha afya ya mimea na kibali cha kuingiza, bila hivyo unachukuliwa na kuteketezwa. Maziwa ya unga pakiti mbili tatu zilizofungwa na unga wa kupika siku mbili haviwashtui, lakini magunia ni biashara na yanahitaji nyaraka. Sabuni, vitenge, vyombo, sukari kidogo, hivyo peleka. Mifuko ya plastiki ya kubebea isiwepo kabisa garini. Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 2019. Fungeni kwenye vikapu.

Kurudi ndio kugumu, kwa sababu shangazi wa Mwanza hamwachii mtu aondoke mikono mitupu. Dagaa waliokaushwa na samaki wachache wa kula nyumbani ni jambo la kawaida. Sanduku zima la sato lenye barafu linataka kibali cha uvuvi. Nyamapori msipokee hata kwa heshima. Tanzania kuna bucha zake zenye leseni na risiti, lakini Kenya uwindaji umekatazwa tangu 1977 na ile risiti haina maana Isebania, upande wa Kenya wa mpaka wa Sirari. Vivyo hivyo pembe, ngozi, manyoya ya ndege, na fuvu ambalo mtoto ameliokota hifadhini. Kagua mifuko ya watoto kabla ya kutoka getini.

---

Naabi_Kona

Mimi natofautiana kidogo na wenzangu. Kwa Agosti wako sahihi. Lakini kwa atakayesoma hapa akipanga kati ya Januari na Machi, kupita Ngorongoro kwenda Serengeti kunalipa kila shilingi: nyumbu wako tambarare za kusini, Ndutu hadi Naabi, wanazaa, na unawapita ukiwa njiani. Hapo ndipo kulipa mageti mawili siku moja kuna maana.

Masharti: gari liwe la namba za T na la kuvuta magurudumu yote, mlale Karatu, mjaze mafuta Karatu hadi juu. Kutoka hapo hadi Ndabaka ni takriban kilomita 300 bila kuhesabu kuzunguka kutafuta simba. Seronera kuna kituo cha mafuta lakini msikifanye ndio mpango. Kipande cha Lodoare hadi Naabi ni changarawe yenye mikunjo kama bati, inalegeza kila nati. Kagueni mikanda ya keria, betri ilivyofungwa, na boliti za magurudumu kabla na baada. Chujio la hewa likung'utwe jioni, likiziba injini ya dizeli inatoa moshi mweusi na kula mafuta. Spea mbili ni bora kuliko moja, kwa sababu mawe ya pale ni makali na hukata tairi ubavuni, na pancha ya ubavuni haizibwi.

---

Lamadi_Stendi

Nimalizie na barabara za lami, kwa maana faini nyingi za wageni ziko kati ya Singida na Bunda. Alama ya 50 mwanzoni mwa kijiji haiishi nyumba zikiisha. Inaisha pale unapoona 50 iliyochorwa mstari wa kukata, ambayo wakati mwingine iko kilomita moja mbele, porini kabisa, na askari mwenye tochi ya kupimia mwendo anakaa katikati ya hizo mbili. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, na inalipwa kwa namba ya kumbukumbu, si mkononi. Pembetatu mbili za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto viwe mahali vinapofikika, siyo chini ya mizigo ya watu watano.

Kwa Ndabaka: laleni Lamadi usiku wa kuamkia siku hiyo, wote kumi na mmoja. Kutoka Mwanza mjini ni takriban kilomita 140, na kukusanya familia hiyo asubuhi na mapema mtafika getini saa 5, wanyama wamelala kivulini. Pilau la shangazi lifungwe kwenye hotipoti za kufunga kwa klipu. Kwenye maeneo ya kulia chakula nyani wanajua kufungua mfuniko wa kawaida, na mwewe anachukua nyama mkononi mwa mtoto. Wa miaka 4 ale ndani ya gari, dirisha likiwa limepandishwa.

Kama siku ya kupumzika Mwanza mtakuwa hamna gari, Saanane ni hifadhi ya taifa iliyoko kisiwani mbele ya mji, mnapanda boti muda mfupi tu. Pelekeni watoto asubuhi, jua la ziwani mchana ni kali.

Siku ya Sirari ondokeni Mwanza kabla ya saa 1. Ni takriban kilomita 300 hadi mpakani, na kama mnakwenda Oloololo mnataka kushuka ule mteremko wa Siria mkiwa bado mnaona mawe.